Kompyuta Iliyokwenda Kuvua Samaki

Kuna watu wanaomwogopa daktari kuliko ugonjwa wenyewe. Ukimwambia mtu wa namna hiyo, "Nionyeshe panapouma," atakuonyesha pasipouma, kisha atarudi nyumbani kifua mbele akidai amepona. Lorne Bjarnason alikuwa mmoja wao, na ugonjwa aliouficha haukuwa hata wa mwili wake. Ulikuwa wa kompyuta ya mkewe.

Lorne aliendesha gari la kuzoa theluji katika mji mdogo kando ya Ziwa Winnipeg, jimbo la Manitoba. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwepesi wa kumsaidia jirani aliyekwama na gari lake barabarani. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kosa lake mwenyewe humkaa kooni kama mwiba wa samaki, asiweze kulimeza wala kulitema. Mkewe, Darlene, alikuwa mwalimu wa piano. Binti yao wa pekee, Brynn, alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya hoki ya barafuni, na msimu mzima mama yake alikuwa amevumilia viti vya baridi vya uwanjani akimpiga video katika kila mechi. Video zote alizihamishia kwenye kompyuta yake mpakato, kisha akazifuta kwenye kamera ili apate nafasi ya mechi inayofuata.

Sasa kocha wa chuo kikuu kimoja cha mbali alikuwa amebakiza nafasi moja ya golikipa, pamoja na ufadhili wa masomo. Alitaka kuziona video za Brynn kabla ya Ijumaa kwisha. Darlene alikuwa akikaa mezani kila jioni, akichagua mikwaju bora aliyoiokoa binti yake na kuiunganisha. Alikuwa amepiga marufuku mtu mwingine kuigusa kompyuta hiyo.

"Kompyuta hii haitoki mezani mpaka video ziende kwa kocha. Lorne, unanisikia?"

"Nakusikia, bibi mkubwa. Nikiigusa unikate mkono."

Jumamosi Darlene alipotoka kwenda kufundisha, Lorne aliigusa. Timu aipendayo ilikuwa inacheza mchana huo, na samaki nao walikuwa wanashika ndoana kama wamelipwa. Kwa nini mtu achague moja? Aliitia kompyuta kwenye pikapu, akaendesha juu ya ziwa lililoganda hadi kwenye kibanda chake cha kuvulia. Aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaiunganisha na simu aone mechi, akaketi kando ya tundu alilotoboa barafuni. Basi timu yake ikafunga bao, na papo hapo mshipi ukavutwa. Lorne aliruka kwa furaha mbili kwa mpigo. Goti lake liliipiga ndoo, na kompyuta ikaangukia pembe juu ya barafu ikiwa bado imewashwa.

Samaki alimpata. Kompyuta nayo, alipoiinua, ilikuwa bado inaonyesha mechi. Lorne alishusha pumzi, akaifuta kwa kofia yake ya sufu na kuirudisha mezani kabla mkewe hajafika. Jioni samaki alikaangwa, akaliwa na kusifiwa, na aliyemvua hakugusia habari ya kompyuta.

Kesho yake kompyuta ilianza kukwama. Ndani yake kulitoka sauti ndogo, tik, tik, kama ukucha unaogonga jino.

"Njoo usikie, Lorne," Darlene aliita. "Hiki kitu kinabisha hodi."

"Baridi hiyo. Hata mimi magoti yanalia hivyohivyo."

"Magoti yako hayana video za mtoto. Kesho naipeleka kwa Marlys."

"Wewe una wanafunzi. Nitaipeleka mimi," alisema Lorne, haraka kidogo kuliko ilivyohitajika.

Marlys Desjarlais alitengeneza kompyuta katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la matairi. Alikuwa fundi hodari na rafiki wa Darlene. Wawili hao walicheza kolingi, mchezo wa kutelezesha mawe barafuni, katika timu moja kila wiki, na alichokijua mmoja, mwenzake alikijua kabla chai haijapoa. Lorne alilijua hilo vizuri. Marlys aliipima kompyuta, akatazama kioo, akakunja uso.

"Diski inaumwa. Kuna sehemu hazisomeki tena. Sasa niambie ukweli, maana dawa inategemea jibu lako. Imeanguka?"

"Haijaanguka."

"Hata kidogo? Hata kutoka kwenye kochi?"

"Marlys, kompyuta hii inalelewa kuliko mimi. Haitoki mezani."

Marlys alicheka. "Haya, basi ni uzee. Diski ya uzee kwa kawaida hufa polepole, kama betri ya pikapu yako. Ingekuwa imeanguka, nisingekuruhusu uiwashe tena hata mara moja. Kile kichwa kinachoisoma hupinda, na kila ukiwasha kinazidi kuikwaruza. Ningeichomoa sasa hivi, niokoe ninachoweza. Lakini kwa uzee, mwambie Darlene amalize kazi yake taratibu. Diski mpya inakuja Alhamisi kutoka mjini. Nitahamisha kila kitu kwa mpigo mmoja."

Lorne alisimama pale na glavu zake mkononi. Ukweli ulikuwa umemfika kwenye ncha ya ulimi.

"Enhe? Kuna jingine?" Marlys aliuliza.

"Hakuna. Asante sana."

Alijipa moyo kwamba Alhamisi si mbali. Lakini kila mkewe alipoiwasha, ile tik, tik ilimchoma yeye mbavuni.

"Si uipumzishe kidogo?" alisema siku ya pili wakila. "Izime, ule kwanza."

"Niizime na Ijumaa ile pale? Wewe vipi leo?"

Jumatano asubuhi, Brynn akiwa bado anakunywa uji wa shayiri, kompyuta ilikwaruza kwa sauti ya bati, ikanyamaza. Darlene aliiwasha tena. Kioo cheusi kilimwambia kwamba hakuna diski. Brynn aliweka kijiko chini.

Walikwenda kwa Marlys wote watatu. Aliigeuza kompyuta, akafungua skrubu kwa bisibisi yake ndogo, akainua kifuniko cha chini. Pembe iliyohifadhi diski ilikuwa imebonyea kwa ndani, na katika ufa wa kasha kulikuwa na magamba mawili ya samaki yaliyokauka. Marlys alilitoa moja kwa kibano, akaliinua kwenye taa.

"Darlene, siku hizi unafundisha piano ziwani?"

Darlene aliangalia gamba, kisha akamgeukia mumewe. Lorne alitamani barafu ipasuke immeze.

"Niliiangusha kibandani," alisema. "Jumamosi. Nilikuwa naangalia mechi."

"Nilikuuliza, Lorne," Marlys alisema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Baba, si ungesema tu?" Brynn alisema, machozi yakimlengalenga. "Mama angefoka, yakaisha."

Diski mpya ilipofika ilitiwa mahali pake, na kompyuta ikafunguka upesi kuliko siku iliponunuliwa, safi, tupu kama mtungi mpya. Ile ya zamani Marlys aliiunganisha kwa waya, akaibembeleza mpaka ikakata kauli kabisa. Aliokoa mechi moja. Ilikuwa ile ambayo Brynn aliicheza akiwa na homa, akafungwa mabao saba.

"Itumeni," Brynn alisema. "Afadhali hiyo kuliko mikono mitupu."

Waliituma Ijumaa. Jibu la kocha lilikuja wiki iliyofuata, la adabu na fupi: nafasi alikuwa amempa golikipa mwingine. Brynn aliwasomea wazazi wake bila kutetemeka, akapanda chumbani kwake, na mlango ulipofungwa wakamsikia akilia. Lorne alisimama chini ya ngazi. Alitaka kupanda, lakini hakujua akifika juu aseme nini.

"Darlene, nisamehe," alisema hatimaye. "Niliiangusha kwa bahati mbaya."

"Ya kuiangusha ningekusamehe kabla yule samaki hajaiva," mkewe alimjibu, bila kupaza sauti. "Lakini uliniona kila siku nikiiwasha, nikiiua kwa mikono yangu mwenyewe, na wewe umekaa hapo unanitazama."

Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua.