Bi Kalunguyeye na Kiti cha Bi Bukini

Paukwa!

Pakawa!

"Inuka! Inuka kwenye kiti hicho!"

"Siinuki."

"Bi Kalunguyeye, inuka, wageni wako mlangoni!"

"Nimekaa kidogo tu. Kwani kitaniuma?"

"Wewe ndiye utakayekiuma, mwenzangu. Miiba yote hiyo! Utanitobolea kitambaa."

Tulieni, watoto. Na ninyi wakubwa mlio nyuma, tulieni. Hawagombani watu hapo. Anagombana Bata Bukini na Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja akawa kama mpira. Na hawagombei kiti cha jikoni. Wanagombea kiti cha nchi.

Kale, kale ya bibi wa bibi zetu, mbali sana upande wa kaskazini, kulikuwa na nchi ya baridi. Theluji ikianguka huko siku nyingi, maji ya bwawa huwa magumu, ukatembea juu yake kama sakafu. Nchi hiyo haikuwa na mfalme. Ilikuwa na baraza, na baraza lilikuwa na viti ishirini na vitatu. Mbweha na nduguze walikuwa na viti kumi. Mabata bukini walikuwa na viti vinane. Kalunguyeye walikuwa na viti vitano. Atawalaye ni mwenye zaidi ya nusu. Na zaidi ya nusu hakuwa nayo yeyote.

Basi Bi Bukini akaenda kwa Bi Kalunguyeye. Hodi, hodi!

"Dada, vinane vyangu na vitano vyako ni vingapi?"

"Kumi na vitatu."

"Na Mbweha ana vingapi?"

"Kumi."

"Sasa tunangoja nini?"

Wakacheka, wakakumbatiana kwa uangalifu, maana miiba ni miiba. Wakaungana, wakaunda serikali. Bi Bukini akawa waziri mkuu, kwa kuwa wake walikuwa wengi. Bi Kalunguyeye akawa naibu, akapewa kazi ya kuujenga upya ua wa nchi.

Ua huo ulizunguka bwawa. Ndani ya ua, mnyama hamli mnyama mwenzake. Hiyo ilikuwa sheria. Lakini desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka, sheria ya ua hufa na lango lake huachwa wazi, ila kama baraza limeipitisha upya kabla yake.

Bi Kalunguyeye alikuwa na watoto watatu. Baridi ikija, kalunguyeye hulala. Hulala kwenye majani makavu kando ya bwawa, miezi na miezi, ukimwita haamki. Na Mbweha anajua dawa ya miiba. Kabla maji hayajawa magumu, humsukuma kalunguyeye bwawani, biringi biringi, chubwi! Akishalowa hujikunjua. Basi, tumbo lile hapo, laini. Kwa hiyo ua ule, kwa Bi Kalunguyeye, ulikuwa roho za wanawe.

Akafanya kazi. Alikata miti ya miiba, akaipanga, akaifunga. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi, ya arobaini. Mikono ikapasuka. Ua ukasimama imara, panya hapiti.

Vyura wakatoka bwawani, wakaimba: "Asante Bi Bukini! Bi Bukini katujengea ua!"

Bi Kalunguyeye alikuwa palepale, na kamba mkononi. Moyo ukamchemka: tokoto, tokoto, tokoto!

Sungura wakapita. "Lo, huyu Bi Bukini ni mchapakazi!"

Tokoto, tokoto, tokoto!

Ndipo siku moja akajikalisha kwenye kile kiti cha mbele, karibu na moto, aone utamu wake. Ndipo wakagombana kama mlivyosikia. Akainuka. Korongo wakaingia, wageni kutoka nchi ya ng'ambo. Wakamwinamia Bi Bukini hadi midomo ikagusa sakafu. Kisha wakavua makoti, wakampa Bi Kalunguyeye akayatundike.

Akayatundika. Koti la kwanza, tokoto. La pili, tokoto. La tatu, moyo ukafurika.

Nyumbani mumewe akamwuliza, "Mke wangu, mbona huli?"

"Nimeshiba makoti."

"Ua umesimama. Kesho sheria inapitishwa. Watoto wanakwenda kulala salama. Unataka nini tena?"

"Nataka waseme nani aliyejenga!"

"Nani aseme?"

"Wote! Kesho sheria ikipita, watamshangilia nani? Yeye! Atapunga bawa lake, hivi, hivi, na mimi nitakuwa wapi? Kwenye makoti!"

Bi Kalunguyeye akatoka, moja kwa moja mpaka kwa Mbweha.

Mbweha alikuwa anakausha mkia wake kwenye moto. "Karibu, mama. Leo umepotea njia?"

"Sikupotea. Nataka mawe yako kumi."

Katika baraza lile walipiga kura kwa mawe, mbele ya karani, ndani ya ndoo ya bati. Jiwe jeupe: tuna imani na serikali. Jiwe jeusi: hatuna.

"Mawe ya kazi gani?" akauliza Mbweha.

"Ya kumwangusha Bi Bukini. Kumi yako, matano yangu. Kesho, kabla ya mambo mengine yote."

"Akishaanguka?"

"Naibu si nipo?"

Mbweha akautazama mkia wake. Akaugeuza upande wa pili. "Mawe kumi utayapata, mama. Naapa."

Na jamani, Mbweha hakuvunja kiapo chake.

Asubuhi baraza likakutana. Bi Kalunguyeye akasimama, akasema hana imani. Bi Bukini akamtazama kama aliyemwagiwa maji. "Dada, mimi? Leo?"

Mawe yakaanza. Ting, ting, ting: meupe manane. Ting, ting, ting: meusi kumi. Kisha kalunguyeye wakapita kwenye ndoo, mmoja mmoja. Hata mume wa Bi Kalunguyeye alitia jiwe jeusi. Meusi kumi na tano.

Fuko, karani wa baraza, akafunga daftari, pa! "Serikali imeanguka."

Bi Kalunguyeye akajipangusa vumbi, akaelekea kwenye kiti cha mbele.

"Mama, unakwenda wapi?" akauliza Fuko.

"Kwenye kiti. Mimi ni naibu."

"Naibu wa nani?"

"Wa waziri mkuu."

"Waziri mkuu yupi?"

Bi Kalunguyeye akakishika kiti.

"Serikali ilikuwa moja, mama, na imeanguka yote," akasema Fuko. "Mpaka theluji iyeyuke, kiti hukaliwa na mwenye viti vingi kuliko wengine. Ndiyo desturi. Na sheria ya ua ililetwa na serikali iliyoanguka. Haipigiwi kura tena."

Bi Kalunguyeye akamgeukia Mbweha. "Ulinipa mawe! Sasa nipe mengine nipande!"

"Uliniomba ya kuangusha, nikakupa yote kumi," akasema Mbweha, huku akijiweka vizuri kwenye kiti cha mbele. "Ya kupandisha hukuniomba."

Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, taratibu, bila sauti.

Basi wasikilizaji, wakubwa kwa wadogo, lishikeni neno hili. Ukimwonea mwenzako wivu mkiwa mnabeba mzigo mmoja, usimsukume. Mzigo utaanguka, na chini yake wamelala wanao.

Hadithi yangu inakomea mlangoni mwa baraza, haiendi mbele zaidi. Mabata walikuwa wamejipanga nje, tayari kuruka kwenda kusini kwenye joto. Bi Kalunguyeye akakimbia na vijiguu vyake vifupi, akamshika Bi Bukini bawa kabla hajatoka.

"Dada, nimekosa. Rudi tuungane tena. Vinane na vitano bado ni kumi na vitatu!"

"Vilikuwa kumi na vitatu jana."

"Na wanangu je? Wameshalala!"

Bi Bukini akalitoa bawa lake polepole, ili asichomwe na miiba. Akavuka kizingiti, akageuka.

"Mimi na wanangu tunaruka, dada," akasema. "Nyinyi mnafanyaje?"