Gonga Kwanza, Bwana Wangu

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kijiji kimoja cha milimani ukame uliua mifugo yote, wachungaji wakabaki na fimbo mikononi bila cha kuchunga. Miongoni mwao walikuwa Ubaidi na mkewe Ramla, watu wa sala na saumu, ambao kila Ijumaa walikwenda kuomba nafaka kwa Haritha, mfinyanzi mcha Mungu.

Haritha aliwapa bila kuwasimanga. Lakini Ijumaa moja alimwona Ubaidi akijifunika uso kwa kilemba asitambulikane, roho ikamuuma sana.

"Nafaka nitaendelea kuwapa mpaka mjitegemee," akawaambia. "Ila kuanzia kesho njooni tuchimbe udongo pamoja, niwafundishe kazi yangu."

Tazameni, ndugu zangu! Sisi tukijua kupika maandazi mazuri tu, jirani akiuliza siri yake tunageuza mazungumzo. Haritha alitoa riziki yake yenyewe.

Wakajifunza, wakajenga tanuri lao. Haritha akawadhamini kwa tajiri mmoja wa mjini, muuza mafuta avukaye jangwa kwa ngamia, aje anunue mitungi yao. Akawausia jambo moja: tanuri lisifunguliwe mpaka lipoe lenyewe. Ubaidi, kwa hamu ya kuona matunda ya jasho lake, akalifungua lingali na moto. Upepo wa baridi ukaingia, na mitungi ikapata nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho.

Desturi ya wanunuzi ilikuwa kugonga kila mtungi kwa kidole. Mzima hulia kama kengele, wenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Ubaidi na Ramla waligonga wenyewe, wakajua. Lakini tajiri alipofika alisema, "Wanafunzi wa Haritha? Basi sina haja ya kugonga. Pakieni."

Ubaidi aliinamisha kichwa, akashika mtungi wa kwanza kuupakia. Ramla alijua kwamba mitungi ikikataliwa, Ijumaa ijayo watarudi kuomba. Hata hivyo akasema, "Gonga kwanza, bwana wangu."

"Nimekwisha kumwamini mwalimu wenu."

"Ndiyo maana nakuomba ugonge."

Akagonga mmoja, akagonga wa pili, kisha akaondoka na ngamia wake bila mzigo wala kuaga. Ubaidi akalia.

"Umeturudisha kwenye kuomba, Ramla."

"Nitaomba, mume wangu. Lakini mafuta ya mtu hayatamwagika jangwani kwa sababu yangu."

Haritha alipopata habari alikuja na gunia la nafaka, wala hakulaumu. Akasema, "Mitungi hii haitupwi. Ivunjeni, mwitwange, unga wake mchanganye na udongo mpya. Mitungi mipya itastahimili moto zaidi kuliko ile ya kwanza."

Wakafanya hivyo, na safari hii wakasubiri tanuri likapoa kabisa, ingawa njaa iliwakaba. Tajiri naye akarudi, kwa kuwa ukweli wa Ramla ulikuwa haujamtoka moyoni. Akaamuru mitungi ipakiwe yote. Ramla akamzuia tena.

"Bado tu, mama? Nani asiyekuamini sasa?"

"Gonga, bwana wangu. Iko siku nami nitagongwa, na siku hiyo Haritha hatakuwepo kunidhamini."

Akagonga. Mtungi ukalia, ukasikika mpaka nje ya ua, na Ubaidi akaanguka kusujudu.

Nyumba ile haikuomba tena, na Ubaidi akawafundisha wachungaji wenzake kazi ileile. Ewe Mola wetu, siku tutakapogongwa, tujaalie sauti ya mtungi ule.