Goti Lililofichwa Chini ya Kitenge

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hawakuwa wakiwatania wakunga. Walimaanisha kwamba mtu anayeona haya kuonyesha panapomuuma hawezi kusaidiwa, hata kama msaada umekaa ubavuni pake. Godeliva Nizigiyimana wa Ulyankulu aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Aliieleza kwenye mtihani, akapata alama zote. Mtihani wenyewe hasa ulimjia miaka thelathini baadaye, na huo aliufeli mbele ya watu.

Binti yake, Stela, alikuwa mchezaji wa mpira wa pete wa kata. Siku moja mwezi wa Juni aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja huku mwili ukigeukia upande mwingine. Wenzake walisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Kabla jua halijazama, goti lilikuwa limevimba kama boga.

Walimpeleka Tabora mjini kwa Rashmi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa palepale mjini, asiyependa kupoteza maneno. Alilishika goti, akalivuta mbele taratibu, akatikisa kichwa.

"Kano la ndani limechanika nusu," alisema. "Nusu iliyobaki ndiyo mali yenu. Tukiitunza na kujenga misuli ya paja, atacheza tena. Ikikatika ni upasuaji, na mtasafiri mbali kuutafuta. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, daktari."

"Mimi si daktari, ni Rashmi wa mazoezi. Asubuhi na jioni akunje kanga, aiweke chini ya goti, aikandamize akihesabu mpaka kumi. Bandeji hii yenye vyuma asiivue ila kwa kuoga na kulala. Na kupiga magoti ni marufuku, miezi minne."

"Hata kanisani?" Godeliva aliuliza.

"Hata kanisani, Mama Stela. Mungu anaiona bandeji."

Kwa wiki sita Stela alitii. Godeliva mwenyewe alimhesabia kumi zake kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Wiki ya saba ukaja ujumbe kutoka Sikonge kwamba ukoo wa Kornel, kijana mrina asali aliyempenda Stela, ungefika Jumamosi kuleta posa.

Hapo ndipo Godeliva alipoharibu. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakiwa na sufuria moja na watoto watatu. Yeye alizaliwa Ulyankulu, uraia alipewa, na tumbaku yake ilisifiwa na wanunuzi. Hata hivyo, neno "mkimbizi" lilikuwa bado likimchoma kama mwiba uliovunjikia ndani ya nyama. Aliapa kwamba watu wa Sikonge hawatapata pa kumshika. Alijua kuwa kwa Wanyamwezi binti mwenye adabu huwapigia magoti wakubwa anapowasalimia na anapowanawisha mikono. Basi Stela angepiga magoti kuliko Wanyamwezi wenyewe.

"Mama, Rashmi amekataza," Stela alisema Jumamosi asubuhi.

"Rashmi ndiye anayekuoa?"

"Lakini Kornel analijua goti langu."

"Kornel anapenda, na anayependa haoni. Shangazi zake wana macho. Unataka warudi kwao waseme tumewapa mbuzi kilema, tena wa wakimbizi?"

Mumewe, Venansi, aliyekuwa akipanga viti sebuleni, aliinua kichwa. "Mama Stela, si tuwaambie tu?"

"Wewe shughulika na viti."

Akaifungua bandeji kwa mikono yake, mkanda baada ya mkanda, akaitia chini ya godoro. Akamfunga bintiye kitenge kirefu kilichofika kwenye vifundo vya miguu.

Wageni walifika saa sita, wakiongozwa na Nyamizi, shangazi mkubwa wa Kornel. Alikuwa mnene, mcheshi, na sauti yake ilitangulia mlangoni. "Vumbi tulilokula njiani lingetosha kukandika nyumba! Tupeni maji kabla hatujaota majani!"

Stela akatoka na beseni na jagi. Kornel alipoona magoti ya mchumba wake yanashuka, alinyanyuka nusu kitini akafungua kinywa. Stela akamtikisia kichwa. Kijana akaketi, asijue aangalie wapi.

Mgeni wa kwanza alinawa, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kwa kila mmoja Stela alishuka, akanyanyuka, akasogea. Jasho lilikuwa likimtiririka kando ya masikio. Godeliva aliliona, akatabasamu kwa wageni. Wa nne alikuwa Nyamizi. Stela alipomaliza kumnawisha na kutaka kusimama, goti lilikwenda upande wake na yeye upande wake. Jagi likammwagikia Nyamizi mapajani. Stela akaanguka, akatoa ukelele uliowanyanyua kuku uani.

"Sakafu!" Godeliva alipaza sauti. "Sakafu ina maji, ameteleza!"

Maji yote yalikuwa mapajani mwa Nyamizi. Sakafu ilikuwa kavu kama jani la tumbaku lililotoka kukaushwa banini, na kila mtu aliiona.

"Wanaume, nje," Nyamizi aliamuru. Walipotoka, akapandisha kitenge cha Stela. Goti lilikuwa limeanza kuumuka. Juu na chini yake ngozi ilikuwa na michoro ya mikanda iliyofungwa kwa wiki nyingi.

"Goti hili limeanza lini?" aliuliza kwa upole.

Godeliva aliitazama ile michoro. "Leo," alisema. "Limeanza leo."

Stela, akiwa chini, alimwangalia mama yake. Kuna macho yanayouma kuliko kofi, na hayo yalimpata Godeliva usoni sawasawa.

Jumatatu walipanda basi la asubuhi kwenda mjini. Nyamizi alikuwa amelala kwa jamaa yake kijijini, na aliwakuta kituoni, kikapu mkononi. "Niliyemwagiwa maji ni mimi," alisema. "Nitajua mwisho wake." Njia nzima Godeliva alitazama dirishani, akihesabu nguzo za umeme.

"Nini kimetokea?" Rashmi aliuliza.

"Ameteleza bafuni," Godeliva alijibu.

"Akiwa na bandeji?"

"Ndiyo."

"Goti halikukunjwa?"

"Halikukunjwa."

Rashmi aliandika. "Kwa uvimbe huu siwezi kulipima vizuri, kwa hiyo nategemea maneno yenu. Kama alikuwa na bandeji, kano halikuguswa. Tuendelee na hatua ya wiki hii. Stela, shika bomba hili, simama kwa mguu huo unaouma peke yake."

Stela akashika bomba la ukutani. Akainua ule mguu usiouma kimo cha kidole kimoja kutoka sakafuni, akamtazama tena mama yake kwa macho yaleyale ya Jumamosi.

"Acha!" Godeliva alipiga kelele. "Stela, acha! Shusha mguu!"

Kwenye benchi Nyamizi alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Hakuteleza," Godeliva alisema. Sauti yake, iliyozoea kuamrisha vibarua shamba zima, ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. "Bandeji nilimvua mimi. Nikampigisha magoti mara nne mbele ya wakwe. Alipoanguka nikasingizia sakafu. Bafu ni la kwangu, nimelitunga kwenye basi."

Rashmi aliichana karatasi aliyoiandika. "Mlaze kitandani," alimwambia. Alipomaliza kulifunga goti ndipo alipomgeukia. "Ungenyamaza kidogo tu, ile nusu iliyobaki ningeikata mimi, kwa kukuamini wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Wiki mbili magongo, mguu usikanyage. Baada ya hapo nitapima. Kano likiwa limeshika, tunarudi kwenye kanga. Miezi minne inaanza upya."

Godeliva alikwenda kuketi kwenye benchi. Nyamizi akafungua kikapu, akatoa chupa ya asali iliyofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Hii ni pole ya mgonjwa," alisema. "Nilikuja nayo tangu Jumamosi. Kornel alituambia mwezi wa saba."

"Mlijua?" Godeliva alimkodolea macho. "Mbona hamkusema?"

"Nianze mimi kutoa siri ya nyumba yako? Mgonjwa hutangazwa na wenyewe, ndipo apewe pole. Nilingoja mseme. Nilipomwona anashuka nikadhani ameshapona, nikafurahi. Mimi pia nina fungu langu la aibu." Akamwekea chupa mapajani. "Ila jua hili, mama. Kwetu mgonjwa hapigi magoti. Ungetamka neno moja tu, binti angekaa kitini na sisi tungemnawisha yeye."

Godeliva aliishika ile chupa kwa mikono miwili.

Baada ya wiki mbili Rashmi alilivuta goti mbele, kisha akalivuta tena. Nusu ya kano ilikuwa bado imeshika. Uwanjani Stela hajarudi. Aliambiwa labda mwakani, na labda hiyo ameikubali.

Posa ililetwa upya mwezi wa Oktoba. Stela aliketi kitini, mguu ameunyoosha, bandeji juu ya kitenge kila mtu aione. Aliyepita na beseni na jagi alikuwa Godeliva. Kabla ya kummiminia mgeni wa kwanza alisimama katikati ya sebule, masikio yakimwaka moto, akasema, "Binti yangu ana goti bovu, na aliyelizidishia ubovu ni mimi." Kisha akapiga magoti mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Nyamizi akanyoosha mikono yake, akasema, "Mimina taratibu, mkwe, sikuja na nguo ya kubadilisha."

Kano la Stela liliokolewa siku mama yake alipokubali kuvuliwa nguo na ukweli mbele ya Rashmi na mkwe wake. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.