Pengo la Bendera ya Mizinga

Siku ile walikuwapo Somoe, mjane aliyefuata jeshi kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Mwanawe mchanga, ambaye hakuwa amepewa jina. Ndimbo, Matola na Likando, wabeba bendera wa mizinga mitatu. Na Jemadari Chingwile.

Zamani hizo bendera za mizinga zilikuwa nzima, pembe nne kamili. Askari waliapa mbele ya bendera yao, na aliyeiharibu alipigwa risasi.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Desturi ya watu wa mizinga ilikuwa baruti kwanza, binadamu baadaye, basi mablanketi yote yalifunika baruti. Somoe alimkumbatia mwanawe, lakini kanga yake ilichuruzika maji, na mtoto alikuwa ameacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha.

Ndimbo aliona. Kambi nzima haikuwa na kitambaa kikavu isipokuwa bendera, zilizolala ndani ya mifuko ya ngozi. Akatoa ya kwake, akachomoa kisu, akakata kipande cha pembe tatu upande ule usiofungwa mlingotini.

"Mfunike, dada," alisema. "Usinitazame hivyo. Hata mimi nilibebwa na mama."

Matola na Likando walitazamana.

Jioni mvua ilikatika, Jemadari akaamuru bendera zitwekwe. Ya Ndimbo ilipanda na pengo lake.

"Hii imeliwa na nini?" aliuliza Jemadari.

Somoe alifungua kinywa ajitaje yeye, lakini Matola alimtangulia.

"Panya, afande." Akatweka yake. Nayo ilikuwa na pengo lile lile.

"Panya wa mwaka huu hawana adabu," alisema Likando, akikunjua ya tatu.

Jemadari alizitazama bendera, kisha akakitazama kitambaa kifuani pa Somoe. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Bendera zetu ndivyo zilivyo," alisema, akaenda zake.

Somoe aliinama ambusu mwanawe kwa furaha, akamkuta amekuwa baridi. Ndimbo ndiye aliyechimba kaburi. Mtoto alizikwa na kitambaa chake, na Matola na Likando wakaleta vipande vyao wakamtandikia chini, asilale kwenye tope.

Na tangu siku hiyo bendera za mizinga hushonwa na pengo la pembe tatu. Vita viliendelea miaka miwili zaidi. Somoe hakuzaa tena.