Mtani wa Bi Korongo

Nawatolea ngano!

— Itoe tuitafune!

Ina mifupa!

— Tutaitema wenyewe!

Hapo kale, kale sana, wanyama wa Mawe Mekundu walikuwa na kisima kimoja tu. Kila kiangazi waligombana. Tembo alikunywa akasahau wenzake, Ngiri alioga humo humo. Mwishowe wakamchagua Bi Korongo awe mkuu wa kisima, maana shingo yake iliona foleni mpaka mwisho, na hakuwa na ndugu pale wa kumpendelea.

Bi Korongo hakuzaliwa Mawe Mekundu. Alitoka ng'ambo ya milima, yeye na mama yake mzee, ziwa lao lilipokauka. Maneno yake yalianzia kooni na kuburutika mwishoni. "Krrr, ndugu zanguuu," angesema, "wenye watoto watangulieee." Kila mmoja alimwelewa, na maji yakatosha.

Sasa, palikuwa na Pimbi. Pimbi alikuwa mdogo, hana mkia, hana pembe, na kwenye foleni alikanyagwa na kila mwenye kwato. Siku moja, akingoja zamu yake, alikaza koo akasema, "Krrr, ndugu zanguuu." Wanyama wakacheka. Swala akageuka kumtazama. Hakuna aliyewahi kugeuka kumtazama Pimbi, na moyo wake ukapata joto kama jiwe la mchana.

Akaiga tena kwenye harusi ya Ngiri. Akaiga mara ya tatu kisimani, Bi Korongo mwenyewe akiwa anaamua ugomvi wa Nyumbu na Pundamilia. Vicheko vikaumeza uamuzi. Nyumbu akasema wazi kwamba yeye hapangiwi maji na mdomo wa kuja.

Bi Korongo akageuza shingo polepole. Pimbi akaogopa.

"Usinichukie, Bi Korongo," akasema haraka. "Mimi ni mtani wako."

"Krrr, mtani ni naniii?"

Kwao hapakuwa na watani. Pimbi akamweleza kwamba mtani ni yule anayekucheka nawe hukasiriki. Bi Korongo akafikiri, akainamisha kichwa.

"Basi na mimi nimepata wangu," akasema.

Pimbi alirudi mwambani amepona. Lakini neno lile, nimepata, lilimkaa kama mwiba usioonekana.

Masika hayajafika, mama yake Bi Korongo akafariki. Alikuwa kikongwe aliyekaa njiani kuota jua la asubuhi, akimsalimu kila apitaye. "Krrr, mjukuu, umekulaaa?" Hata Pimbi alisalimiwa hivyo, kila siku. Pimbi hakuwahi kujibu. Alikimbilia mwambani kufanyia mazoezi sauti ile.

Bi Korongo akaenda kwa jirani yake, Nungunungu, kuuliza huku wafu huzikwaje. Nungunungu akamweleza. Ndugu hulia. Watani huosha maiti na kuchimba kaburi. Kisha mtani huiga usemi wa marehemu na mwendo wake, ili wafiwa wapate kucheka kidogo katikati ya machozi. Asiye na ndugu akiwa na mtani, hakukosa mtu.

"Mimi ninaye," akasema Bi Korongo. "Naomba uniitie."

Nungunungu akamkuta Pimbi ameanika tumbo juani.

"Mtani, unaitwa msibani."

"Mimi? Mimi si mtani wake hasa, shangazi. Nilisema tu."

"Kama si mtani wake, ulikuwa nani ulipokuwa unamcheka?" Nungunungu hakungoja jibu. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Akikosa wa kumzikia atambeba mama yake, arudi kule kulikokauka. Nasi tutarudi kukanyagana kisimani."

Pimbi akaingia kwenye ufa wa mwamba, akatoka. Akaingia, akatoka. Akaingia mara ya tatu, na alipotoka akaendelea kutembea.

Bi Korongo alikuwa amesimama peke yake kando ya mama yake, aliyefunikwa kwa matete. Wanyama walikuwa mbali, hawajui wasogee kama nani. Pimbi akasema pole, akaanza kuchimba. Makucha ya pimbi ni ya kukanyagia mawe, si ya kuchimbia. Yakavunjika, akaendelea. Ngiri akaona aibu, akaja na meno yake marefu. Nyumbu akaleta maji ya kuoshea.

"Mtani," akasema Bi Korongo, "bado moja."

Pimbi alilijua.

"Naogopa utadhani nakucheka."

"Krrr, sauti ile si yangu. Ni ya mama, alinipa yeye. Hapa hakuna mwingine anayeijua ila wewe. Niisikie kabla hatujamfukia."

Pimbi akapinda mgongo. Akatembea kikongwe mpaka mbele ya Bi Korongo, akainua macho.

"Krrr, mjukuu, umekulaaa?"

Hakuna aliyecheka. Kisha Bi Korongo akacheka, machozi yakimshuka mpaka ncha ya mdomo.

"Nimekula, mama," akajibu.

Naye Pimbi akalia, maana jibu lilikuwa jepesi hivyo, na yeye hakuwahi kulitoa.

Bi Korongo hakurudi ng'ambo. Foleni ya kwanza baada ya matanga alisimama kisimani akasema, "Krrr, ndugu zanguuu, wenye watoto watangulieee. Na yule aliyesahau mkia wake nyumbani apite mbele, asikanyagweee."

Wakacheka wote, na Pimbi akawashinda. Nyumbu akataka naye aongeze krrr yake. Pimbi akamtazama kwa upole.

"Na wewe utamzika nani?"

Nyumbu akainamisha kichwa, akanywa maji.

Ndiyo funzo lake, jamani. Ulimi wa mtu ni urithi wa mama yake. Ukiucheka, uwe tayari kumlilia. Amchekaye mgeni kisimani na kumkimbia msibani si mtani, ni chuki iliyovaa tabasamu.

Ngano yangu naiacha hapa mwambani. Aliyeisikia aipeleke kwao, aliyesinzia amwulize jirani.