Masizi ya Kibatari

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, mke wa fundi mmoja alimrudishia mumewe kijichuma kisichozidi ncha ya kidole, akamwambia, "Hiki bado, mzee. Robo haijagusa."

Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile.

Wapendwa, niwaeleze kwanza kazi yao. Fundi huyu alitengeneza vifaa vidogo vya magobore, yale ya wakulima wenye vibali, ya kufukuzia nguruwe pori: pete za kubana mtutu, vifyatulio, na kile kijichuma chenye kitundu kinachokaliwa na fataki, kiwashio cha baruti. Hicho husokotwa kwenye shina la mtutu. Kikikaa sawasawa, moto huenda kwenye baruti. Kikilegea, huchomoka kikarudi kwenye jicho la mwenye bunduki.

Mume alifua, mke alikagua. Kila kijichuma alikishika juu ya moshi wa kibatari mpaka kikawa cheusi, akakisokota mahali pake, akakitoa. Palipogusa, masizi yalifutika. Palipobaki peusi, palikuwa na upenyo, kama ile robo; hapo fundi alipunguza kwa tupa palipogusa, hadi pote paguse. Kikifaulu, alikipiga nukta mbili kwa msumari mgumu. Kijiji kizima kilizijua nukta zile, ingawa bunduki ikishafungwa hufunikwa na mbao.

"Robo tu?" fundi alimtania. "Kwani nguruwe ataijua robo?"

"Nguruwe hajui. Jicho la mtu ndilo litakalojua."

Wakacheka. Ijumaa alfajiri mke hakuamka.

Matanga yalipoanuliwa, Mwenyekiti wa kijiji akaja. Magobore kumi na mawili yalikuwa yakingoja, la kwake likiwamo, na mahindi yalikuwa yameanza kubeba.

"Pole tena, fundi. Kazi ya Mungu haina makosa. Ila nguruwe nao hawana msiba."

"Nipe wiki tatu, Mwenyekiti. Vijichuma vipo, havijakaguliwa. Macho yangu si kama yake."

"Wiki tatu! Tuje tuvune kinyesi cha nguruwe?" Akashusha sauti. "Msumari wake si unao? Zigonge hizo nukta, yaishe. Watu wakiziona kabla hujafunga wanatulia. Tena ukishafunga zinafunikwa na mbao. Nani atajua?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Au mwanamume mzima unamngoja marehemu arudi akukagulie? Angekuwapo, angeelewa."

Je, ninyi mngemjibu nini? Njaa ni ya kweli. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, kama mimi na wewe.

Fundi akaingia ndani, akatoka na nyundo, msumari, na kijichuma kilichofungwa kitambaani. Akavitia vyote mikononi mwa Mwenyekiti.

"Mimi sigongi. Gonga wewe."

Mwenyekiti akagonga. Nukta mbili, nzuri kabisa. Fundi akakichukua kijichuma, akakisokota kwenye gobore la Mwenyekiti mwenyewe, akamkabidhi pamoja na pembe ya baruti.

"Tayari. Shindilia, uweke shavu hapa, ulenge mgomba ule."

Mwenyekiti akaishika pembe. Mkono ukaishia hapo.

"Fundi, kwani hiki ni kipi?"

"Kile alichokikataa Alhamisi."

"Ah! Na wewe unanipa?"

"Mbona hushindilii? Alama si ipo? Umeigonga mwenyewe."

Mwenyekiti akalilaza gobore chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Alipofika njiani ndipo akapaza sauti. "Nguruwe wakimaliza mahindi, watu watajua mlango wa kubisha!"

"Waje!" fundi akamjibu, mbele ya majirani waliokwisha kusogea. "Waje wote na magobore yao. Hata mkinihamisha kijiji, nukta ya mke wangu haigongwi juu ya kitu ambacho yeye asingekipitisha."

Na sisi je? Tumeachiwa alama na waliotutangulia. Mama aliyesali kweli. Baba ambaye sokoni neno lake lilitosha. Wamekwenda, msumari umebaki mikononi mwetu. Ni mara ngapi tumeugonga juu ya chuma kisichopimwa, tukasema, "Mimi ni mtoto wa fulani," tukijua mbao itafunika? Halafu tunawasemea: "Marehemu angeelewa." Nani amekwambia? Kama alama hiyo huthubutu kuiwekea shavu lako, kwa nini unampa jirani aiwekee la kwake?

Kifo kilimchukua mkaguzi. Kipimo hakikukichukua. Basi tusikitoe kwa hiari yetu, hata kama anayekidai ni Mwenyekiti, hata kama ni njaa, hata kama ni huzuni yetu wenyewe inayotunong'oneza kwamba tumechoka na hakuna tena anayetazama.

Asubuhi iliyofuata fundi aliamka, akazifuta kwa tupa zile nukta mbili za uongo. Kisha akawasha kibatari, jua limekwisha kupanda, na waliopita njiani wakamcheka. Akakishika kijichuma juu ya moshi mpaka kikawa cheusi. Akakisokota, akakitoa, akakisogeza kwenye mwanga.

Robo ilikuwa bado haijagusa. Akachukua tupa.