Jina la Mchomeleaji

Katika mtaa ule, "jina" halikuwa lile alilopewa mtu na wazazi wake. Kusema "yule fundi ana jina" kulimaanisha kwamba ngazi aliyoiunda ungeipanda bila kuitikisa kwanza. Mchomeleaji mmoja, mtu wa maneno machache, alikuwa na jina kuliko mafundi wote. Alilipata kwa jasho la ujana wake mzima.

Mdogo wake naye alikuwa fundi, ila kazi zake alizilipua. Asubuhi moja alifika karakanani, sauti kaitia asali.

"Kaka, nimemaliza kizuizi cha roshani ya yule mama mshonaji. Anataka kujua ni mkono wa nani. Sema ni wako."

"Kazi ni nzima?"

"Nzima. Wewe nawe, kila kitu lazima ukinuse."

Mchomeleaji alikwenda, akakiona. Chini ya rangi mbichi, maungio yalikuwa kama yamegandishwa kwa mate. Mshonaji alimsubiri mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Huu mkono wako, fundi?"

Moyo ulimsuta, lakini damu ni nzito kuliko maji. "Wangu, mama," akajibu. Alijiahidi kurudi kuyachomelea upya. Kazi zikamwandama, hakurudi.

Jioni moja mume wa mshonaji alikiegemea kizuizi kile akipiga soga na jirani wa chini. Chuma kikaachia. Mzee wa watu alivunjika uti wa mgongo, asiinuke tena kitandani.

Mchomeleaji hakuficha. Alimweleza kila aliyeuliza kwamba kazi ilikuwa ya mdogo wake, naye alijua ni mbovu. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakapeleka vyuma vyao kwingine. Karakana ikapoa kama jiko la mhamaji.

Hatimaye alikwenda kwa mshonaji, amenywea.

"Mama, niruhusu nikuundie kingine. Safari hii nitachomelea mwenyewe."

Mshonaji hakuinua macho kwenye cherehani. "Kuchomelea unajua, sibishi. Lakini siku ile sikukuuliza habari za chuma, fundi. Chuma nilikiona. Nilikuuliza wewe."

Nyuma ya pazia mumewe aliguna, akitaka kugeuzwa ubavu. Mshonaji akanyanyuka, akaenda kwake bila kuaga. Mchomeleaji alibaki peke yake sebuleni. Jina lilikuwa limekwenda, na mgongo wa mtu umekwenda nalo. Maji yakimwagika hayazoleki.